Pacha wa Mbotela na Chupa Moja ya Dawa

Ukifanya kazi ya kuuza dawa mtaa wa Mbotela, Nairobi, huhitaji kuambiwa kwamba maji yamekatika mtaani. Bomba likikauka siku kadhaa, watu wananunua maji ya mitungi ambayo hakuna ajuaye yamechotwa wapi, na wiki haiishi kabla akina mama hawajaanza kuingia kemisti na watoto mgongoni. Mvua ikinyesha na mitaro ikafurika, mambo ni hayo hayo. Mama anafungua leso, anamgeuza mtoto mbele, anasema: "Daktari, huyu anaendesha tangu jana usiku. Nipe Flagyl ya watoto." Mimi si daktari. Nina diploma ya dawa na leseni yangu iko ukutani, lakini hapa Eastlands kila anayesimama mbele ya rafu za dawa huitwa daktari, na hakuna anayepoteza muda kubishania jina huku mtoto analia.

Akiongeza neno, ni hili: "Nataka ile ya kufunga kabisa."

Kipimo cha mtaa ndicho hicho. Dawa nzuri ni inayofunga tumbo, na inayofunga upesi inaipita inayochelewa. Mimi nilikulia upande huu wa Jogoo Road, kwa hiyo kipimo hicho nilikinyonya mapema. Chuoni tulifundishwa kwamba mtoto anayeharisha apewe ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganywa na maji, pamoja na zinki, tukaandika hivyo kwenye mtihani na tukapita. Lakini kaunta nayo inafundisha. Aliyenunua Flagyl Jumatatu anarudi Alhamisi kununua sabuni, anakwambia, "Ile dawa yako ni kali, mtoto alipona." Anayekwambia ni mtu unayemwamini, mnaimba naye kwaya, au mnachota maji bomba moja. Ukisikia hayo mwaka baada ya mwaka, ule ukurasa wa chuo unafifia.

Na kila mtu ana jina la ugonjwa tayari. Kwa wengi ni amiba. Mtu mzima akila nyama choma ikamsumbua, ni amiba. Mtoto wa miezi tisa akiharisha maji matupu, ni amiba vilevile. Kwa shosho ni meno yanaota. Kwa shosho mwingine utosi umeingia ndani, na hapo shosho na daktari wa hospitali wanakutana bila kujua, maana utosi wa mtoto mchanga huzama kweli maji yakipungua mwilini. Tofauti ni kwamba shosho anauona utosi kuwa ndio ugonjwa, wakati utosi unatangaza tu kwamba mtoto amekaukiwa.

Mimi nilianza kubadilika kwa sababu ya pacha.

Mama yao alikuwa akifanya vibarua vya kufua nguo Buruburu, na alipanga chumba kimoja katika hizi nyumba za kanjo. Nyumba ni ndogo na nyingi zinashiriki choo na bomba, kwa hiyo mtoto mmoja akiugua tumbo jirani naye hujiandaa. Pacha wake, wavulana wa mwaka na miezi, walianza kuendesha usiku mmoja. Alikuja na pesa za chupa moja tu ya Flagyl. Nilimwongezea pakiti za ORS, nikamweleza azichanganye vipi, na akaondoka akisema chupa atampa yule aliyelegea zaidi. Mwingine atamnunulia akilipwa.

Alilipwa, akarudi. Alikuwa ameshatoa noti na mimi nimeshaishika chupa ya pili, nikitafuta kalamu niandike kipimo juu yake. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini daktari, hata huyu mwingine ameacha. Waliacha pamoja." Akairudisha noti mfukoni, akaaga, akaenda zake kununua unga. Nilibaki na ile chupa mkononi.

Pacha wawili si ushahidi. Nilijua hivyo hata wakati huo, na sasa najua ni kwa nini. Aliyepewa dawa ndiye aliyekuwa hoi zaidi, kwa hiyo hawakuanza sawa; wote wawili walikunywa ORS na wote walikuwa wakinyonya; na watoto wawili ni wachache mno, bahati inaweza kuwapeleka popote. Lakini tangu siku hiyo sikuweza tena kusikia "nilimpa akapona" bila kujiuliza: asingempa, ingekuwaje? Swali hilo hakuna mteja anayeweza kulijibu, maana mtoto wake ni mmoja na tayari ameshapewa.

Kuna afisa wa kliniki ambaye hupita kwetu jioni, mtu aliyewahi kufanya kazi katika wadi za watoto kwa muda mrefu. Nilimpa kisa cha pacha. Hakucheka. Aliniambia kwamba kuhara kwa ghafla kwa mtoto, kwa sehemu kubwa, huisha kwenyewe. Wengi hupona ndani ya juma moja, na kukipita siku 14 madaktari hawauiti tena ugonjwa huo kuhara kwa ghafla, wanaanza kutafuta jambo jingine. Halafu akanipangia hesabu kwa vidole. Siku ya kwanza mama anangoja. Siku ya pili anajaribu uji mwepesi na ushauri wa jirani. Siku ya tatu amechoka, anakuja kwako. Siku ya nne au ya tano ugonjwa unaondoka, kama ambavyo ungeondoka. "Sasa sifa anachukua nani?"

Hapo nilielewa kwa nini kila dawa tunayouza ya tumbo la mtoto ina mashahidi. Ningeuza maji yenye rangi ya waridi ndani ya chupa nzuri, yangepata mashahidi pia. Anayepewa dawa na akapona anarudi kutoa ushuhuda. Aliyepona bila kupewa harudi kemisti kusema kwamba hakununua kitu.

Afisa huyo wa kliniki ndiye aliyenionyesha jinsi swali la pacha linavyoulizwa na watu wenye subira. Na mfano wake wa kwanza haukutoka mbali: ulitoka Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, safari ya matatu moja au mbili kutoka hapa.

Kuna dawa iitwayo rasekadotrili. Haizuii utumbo kusukuma. Kazi yake ni kupunguza maji ambayo utumbo unayamwaga. Mwaka 2000 jarida kubwa la Marekani lilichapisha utafiti wa Lima, Peru, uliofanywa kwa wavulana wadogo 135, na waliopewa dawa hiyo walitoa kinyesi pungufu kwa karibu nusu. Ni habari nzuri hiyo, na mtu wa kaunta angeagiza katoni siku hiyohiyo. Madaktari watatu wa Nairobi, Jaameeta Gharial, Ahmed Laving na Fred Were, waliona bora wapime kwanza kwa watoto wetu. Walichukua watoto 120 waliolazwa Kenyatta kwa kuharisha vikali, wa umri wa miezi 3 hadi 60. Wote walipewa ORS na zinki. Juu ya hayo, kwa bahati nasibu, wengine wakapewa dawa na wengine unga unaofanana nayo usio na dawa ndani. Si mzazi wala muuguzi aliyejua nani ana kipi.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Baada ya saa 48, mtoto wa katikati katika kundi la dawa alikuwa ameenda haja mara 5. Mtoto wa katikati katika kundi lisilo na dawa, mara 5. Ugonjwa ulidumu siku 2 kwa hawa na siku 2 kwa wale. Muda wa kulazwa haukutofautiana kwa namna ya kuhesabika. Kwa mtoto aliyekwisha kupewa ORS na zinki, dawa ile haikuongeza kitu.

Nilizisoma namba hizo mara nyingi. Hebu mfikirie mama mmoja katika lile kundi la unga mtupu: amemkesha mwanawe, muuguzi amempa kipakiti, siku ya pili mtoto ameketi na kudai chakula. Angeapa mbele ya kanisa zima kwamba kile kipakiti kilimponya. Na asingekuwa anadanganya. Ninawaheshimu wazazi wale 120 kuliko ninavyoweza kueleza. Walikubali, watoto wao wakiwa hoi, kwamba pengine wa kwao asipate dawa, ili mimi nisiyewajua niweze kumjibu mtu hapa Mbotela.

Swali la antibiotiki ni kubwa zaidi, maana Flagyl, Septrini na jamii yake ndizo zinazoombwa kila siku. Hilo limepimwa kwa watoto 8,266 katika nchi saba, Kenya na Tanzania zikiwemo, pamoja na Malawi, Mali, India, Pakistan na Bangladesh. Watafiti hawakuchagua watoto wenye afya. Walichagua wadogo wa miezi 2 hadi 23 wenye kuharisha maji na ambao tayari walikuwa wamekaukiwa au wamedhoofika kwa utapiamlo, yaani wale ambao, kama antibiotiki ingemsaidia mtu, ingewasaidia wao. Nusu walipewa azithromaisini kwa siku tatu, nusu kinywaji kinachofanana. Wakafuatiliwa siku 180. Kila kundi lilikuwa na watoto zaidi ya 4,100; walifariki 20 upande wa dawa na 28 upande wa pili, tofauti ambayo bahati peke yake inaweza kuileta. Matokeo yalitoka mwisho wa mwaka 2021.

Sababu si fumbo. Uchunguzi mwingine mkubwa, uliochapishwa mwaka 2013 na ambao ulihusisha pia watoto wa upande wa Siaya, ulionyesha visababishi vinne vinavyoongoza: virusi vya rota, kijidudu kiitwacho kriptosporidiamu, aina fulani ya bakteria wa E. koli, na shigela. Amiba tunayoipa jina kila tumbo haimo katika hao wanne. Flagyl inaua amiba na jiadia. Kwa virusi vya rota haina la kufanya.

Nilipofika hapo nilianza kuzitazama rafu zangu upya, chupa kwa chupa, na kuuliza kila moja swali la pacha. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshafanya hivyo mwaka 1990, katika kitabu kizima kilichochambua dawa za kuhara za watoto, na nyingi zilianguka. Kaolini, ule udongo mweupe, hufanya kinyesi kionekane kizito. Maji yanayopotea mwilini ni yaleyale. Mama anatazama pampasi anafurahi, na mtoto anaendelea kukauka. Kuna ambazo hazikuishia kukosa faida. Kliokinoli ilinywewa na watu wengi duniani kwa ajili ya tumbo. Japani iliipiga marufuku mwaka 1970 baada ya maelfu ya watu kupooza miguu na wengine kupofuka.

Na iko loperamaidi. Hii ndiyo inayonitia hofu hadi leo, kwa sababu hii ndiyo inayofunga kweli. Ni ndugu wa mbali wa mofini. Inalegeza misuli ya utumbo ili isisukume. Kwa mtu mzima mwenye safari ya basi kwenda Kisumu, sawa. Kwa mtoto mchanga utumbo unaweza kusimama kabisa. Maji yaliyotoka mwilini yanakusanyika mle ndani, tumbo linavimba na kuwa gumu kama ngoma, nje pampasi ni kavu, na mama anadhani amepona. Nchini Pakistan watoto wachanga walifariki hivyo, na mwaka 1990 matone ya watoto ya dawa hiyo yakaondolewa sokoni. Wachambuzi waliojumlisha majaribio 13 mwaka 2007 walikuta madhara makubwa, yakiwemo utumbo kusimama na kifo, kwa watoto wanane kati ya zaidi ya 900 waliopewa loperamaidi. Katika zaidi ya 700 waliopewa kitu kisicho na dawa, hakupatikana hata mmoja. Wote wanane walikuwa chini ya miaka mitatu.

Kwa hiyo dawa inayoshinda kipimo cha mtaa ndiyo inayoweza kumuua mtoto. Na inayomwokoa inashindwa kipimo hicho waziwazi.

ORS haifungi tumbo. Lazima hili lisemwe mapema, tena kwa sauti, kwa sababu mama asipoambiwa atarudi kesho na hasira: "Ile unga yako haijafanya kitu, bado anaendesha." Ni kweli bado anaendesha. ORS inarudisha maji na chumvi vinavyotoka, ili ugonjwa ukimaliza siku zake umkute mtoto yuko hai. Utumbo unapougua, njia nyingi za kunyonya maji huharibika, lakini njia ya glukosi hubaki wazi: glukosi haipiti pale bila kwenda na chumvi, na vikipita vyote viwili maji yanavifuata. Ndiyo maana maji matupu hayatoshi, na soda nayo haifai, sukari yake ni nyingi mno na huvuta maji kuyaleta utumboni.

ORS iliokoa watu kwa wingi mwaka 1971, vita vya Bangladesh vilipowamwaga mamilioni ya wakimbizi India na kipindupindu kikaingia kambini. Huko Bangaon dripu zilikwisha. Daktari Dilip Mahalanabis akachanganya chumvi, glukosi na magadi ya kuokea katika maji, akawapa ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe kwa vikombe. Walipokuwa wakifa karibu 30 katika kila 100, wakafa chini ya 4. Hakuwa na kundi la kulinganisha, na wenzake wengi walichelewa kumwamini kwa sababu hiyo. Lakini tofauti ya ukubwa ule hata jicho linaiona. Mwaka 2002 mchanganyiko ukaboreshwa, chumvi na sukari zikapunguzwa kidogo, na majaribio yakaonyesha kuwa watoto wanaoishia kuhitaji dripu wanapungua kwa karibu theluthi, na kutapika kunapungua pia. Ndiyo pakiti tuliyonayo leo.

Zinki ni hadithi nyingine, na kwangu ndiyo iliyonifunza zaidi. Ukijumlisha majaribio mengi, kwa mtoto aliyepita miezi sita zinki hufupisha ugonjwa kwa kama nusu siku. Kwa aliyedhoofika kwa lishe, karibu siku nzima. Nusu siku! Hakuna mama duniani anayeweza kuiona nusu siku. Hakuna muuza dawa atakayeletewa ushuhuda wake. Ukikaa kaunta hadi uzeeke hutaijua faida ya zinki kwa macho, na bado ipo, imehesabiwa. Hapo ndipo nilipoachana kabisa na imani kwamba uzoefu wangu unatosha. Jicho langu liliona faida ya Flagyl ambayo haikuwepo, na halikuiona ya zinki iliyokuwepo.

Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliipendekeza pamoja na ORS mwaka 2004, na mwongozo wa wizara yetu wa mwaka 2010 ukaipokea: kidonge cha miligramu 20 kila siku, nusu yake kwa mtoto chini ya miezi sita, siku 10 hadi 14. Tatizo la kaunta ni kwamba baadhi ya watoto huitapika, mama naye anaacha. Hilo pia lilipimwa, safari hii India na Tanzania, kwa watoto 4,500. Waliopewa miligramu 10 au hata 5 walipona sawa na waliopewa 20, na waliotapika walipungua: karibu 19 katika 100 walitapika kwa kipimo kikubwa, karibu 14 kwa kile kidogo. Nilifurahi niliposoma, kwa sababu ni jambo ambalo akina mama wa hapa wamelisema siku zote na mara hii kuna mtu alilihesabu.

Sasa kazi yangu imekuwa hivi. Mama akisema anataka ya kufunga, namkaribisha benchi kwanza. Naomba nimwone mtoto. Naifinya ngozi ya tumbo kidogo na kuiachia. Ikirudi polepole, au macho yamezama, au mtoto anakinyakua kikombe kwa kiu, najua kuwa maji yamepungua mwilini. Akiwa amelegea hawezi kunywa, au anatapika kila kitu, hapo siuzi chochote. Naita boda na anakwenda hospitali. Tunayo chupa ya maji ya nusu lita ya kupimia, kwa sababu pakiti nyingi zinazouzwa kwetu ni za nusu lita na nyumbani watu hukisia kwa kikombe. Pakiti ikiwekwa katika maji machache inakuwa chumvi tupu, na katika maji mengi haina nguvu. Namwonyesha mama, anachanganya yeye, anaonja. Iwe na ladha ya machozi, isizidi hapo. Kisha kijiko, kimoja kimoja. Mtoto akitapika, tunangoja dakika kumi na kuanza tena taratibu. Wa chini ya miaka miwili anywe kama robo au nusu kikombe kila baada ya kuendesha, na ziwa lisikatizwe hata kidogo. Mkubwa ale. Kumnyima chakula "ili tumbo lipumzike" kunamdhoofisha bure.

Nimewahi kumtazama msichana wa miezi kumi hivi akirudi mbele yangu kwenye benchi hilo, tukingoja boda. Alikuja kichwa kimeangukia bega la mama, midomo imekauka hadi imepasuka. Vijiko vya kwanza vilimwagikia shingoni. Halafu ulimi ukatoka kukitafuta kijiko. Baadaye mkono ukakishika kikombe, na mama akalazimika kupigania kikombe na mtoto ambaye muda mfupi uliopita hakuweza kuinua shingo. Aliendesha tena palepale kwenye mapaja ya mama yake, na mama akanitazama kwa wasiwasi. Nikamwambia, "Mama, hiyo itoke. Sisi tuangalie inayoingia." Akaendelea kunywesha.

Kuna wateja ninaowapoteza. Wengine wanaona nawanyima dawa kwa sababu ya umaskini wao, kwamba wenye pesa huko Westlands wanapewa chupa na wao wanapewa chumvi. Hilo linaniuma, kwa sababu nalielewa. Chupa ina lebo, ina kijiko chake, inaonekana ni dawa. Pakiti ya unga ya shilingi chache haionekani kama heshima. Huwa nawaambia kwamba wale watoto wa Kenyatta, waliolazwa na kuangaliwa na madaktari bingwa, walipewa pakiti hii hii, na ile dawa mpya ya gharama haikuwapa zaidi. Mara nyingi hilo linasikika kuliko jina la shirika lolote la Ulaya.

Wapo pia wanaohitaji antibiotiki kweli, na sitaki mtu anisikie vibaya. Kinyesi chenye damu kina sheria yake: hapo mara nyingi ni shigela, mtoto aonwe na daktari, na dawa ya kuua bakteria ina kazi. Kipindupindu kikali vilevile. Amiba au jiadia ikionekana kwenye darubini, Flagyl ni yake. Kuhara kunakozidi siku 14 si kazi ya kaunta yangu. Na kila ninapokishika kitabu cha kliniki cha mtoto naangalia chanjo ya rota, iliyoanza kutolewa Kenya Julai 2014. Mama aliyeikosa namwambia aende kliniki ya kaunti mapema, kwa sababu umri ukipita haitolewi.

Mwenye kemisti alikuwa na hofu ya mauzo, na hofu yake ni ya haki. Kodi ya chumba haimsubiri mtu. Tulikaa tukapiga hesabu pamoja. Faida ya pakiti moja ni ndogo kuliko ya chupa, lakini mama anayetoka na pakiti nne na zinki ya siku kumi anarudi, na anamleta jirani yake. Mwezi huu ameagiza katoni za zile pakiti zenye ORS na zinki pamoja, akaziweka mbele kabisa, kando ya sabuni. Flagyl ya watoto imehamia rafu ya nyuma. Anayeitaka aje na karatasi ya daktari, na asipokuwa nayo, benchi lipo na kikombe kipo.